Kufufua Land Rover ya Zamani Kasulu na Kibondo: Kuanzia Kadi hadi Barabarani

Land Rover 109 ya Series III ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Katika nyanda za juu za Kigoma ilitumiwa na idara za serikali, misheni na miradi ya maendeleo, na baadaye na wafanyabiashara waliovusha maharage na mahindi kwenye barabara ambazo magari mengine yalizikimbia masika. Nyingi zimebaki nyuma ya nyumba, kando ya migomba, matairi yamekaa chini na kuku wanatagia kwenye viti. Karibu nazo yapo magari ya rika la pili: Toyota Land Cruiser na Hilux zilizohudumia kambi za wakimbizi tangu miaka ya 1990, ikiwemo Nyarugusu wilayani Kasulu iliyofunguliwa 1996 na Nduta wilayani Kibondo, kisha zikauzwa kwa mnada. Mwongozo huu unafuata zaidi Land Rover 109, kwa kuwa ndiyo yenye kazi kubwa, lakini utaratibu ni uleule kwa gari lolote la zamani.

Utaratibu wenyewe ni huu: nyaraka kwanza, chesisi ya pili, breki na usukani, halafu injini, na rangi mwisho kabisa. Gereji nyingi hufanya kinyume. Injini huanza, kwa sababu injini ikiunguruma baada ya miaka kumi majirani hukusanyika na mwenye gari huona pesa yake imefanya kazi. Rangi hufuata, kwa sababu rangi huonekana. Matokeo yake ni gari linalong'aa lisiloweza kusajiliwa, au lisilosimama.

Lami nayo imebadili hesabu. Barabara ya kutoka Nyakanazi kupitia Kakonko na Kibondo hadi Kasulu ilikuwa ya vumbi na tope kwa miongo mingi, na gari la zamani lilitembea taratibu kwa kulazimishwa na mashimo. Pale lami ilipofika, gari lilelile lenye breki za dramu hukimbia kwa mwendo ambao zamani lilikuwa halipati nafasi ya kuufikia. Kasoro iliyovumilika kwenye makorongo huua kwenye lami.

Nyaraka

Kazi ya kwanza haihitaji spana. Kadi ya gari hutolewa sandukuni na kusomwa mstari kwa mstari: namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, ujazo wa injini, aina ya mafuta, aina ya bodi, rangi, idadi ya viti, uzito. Kila mstari hulinganishwa na chuma chenyewe. Katika Land Rover 109 namba ya chesisi imegongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele upande wa kulia, mahali ambapo tope la miaka mingi limegeuka kuwa tofali. Tope hilo hulowekwa kwa mafuta ya taa na kuondolewa kwa brashi ya waya. Mashine ya kusaga haitumiki hapo hata kidogo: hula milimita mbili za chuma kwa sekunde chache, na namba iliyosagwa kwa bahati mbaya haitofautiani, machoni pa mkaguzi, na namba iliyosagwa kwa kusudi. Chuma kikishakuwa safi, karatasi nyepesi huwekwa juu yake na penseli ikasuguliwa hadi tarakimu zitokee. Karatasi hiyo huhifadhiwa pamoja na picha. Namba ya injini ya petroli ya lita 2.25 iko kwenye bloku, upande wa kushoto, karibu na ekzosi.

Kadi na chuma vikisoma sawa, na aliyetajwa kwenye kadi akiwa hai na yupo tayari kuuza, jambo ni jepesi. Mkataba wa mauziano huandikwa mbele ya wakili, muuzaji na mnunuzi wote wakiwa na namba ya mlipakodi, na uhamisho wa umiliki hufanywa kwenye mamlaka ya mapato, TRA, chini ya Sheria ya Kodi ya Usajili na Uhamishaji wa Magari, Sura ya 124. Pamoja na ada ya uhamisho na ya kadi mpya kuna ushuru wa stempu, ambao hukokotolewa kwa thamani ya gari. Ndiyo maana uhamisho hufanywa kabla ya matengenezo: gari bovu ni bovu hata kwa mthamini.

Mara nyingi, hata hivyo, jina lililo kwenye kadi ni la marehemu. Mtoto au mjukuu aliyeachiwa gari kwa maneno ya kikao cha ukoo hana mamlaka ya kuliuza wala kulihamisha. Familia hufungua shauri la mirathi, kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo, msimamizi huteuliwa, na ni barua ya usimamizi inayofungua mlango wa TRA. Kazi hii huchukua muda kuliko kuchomelea chesisi, na ikiachwa hadi mwisho huamsha ugomvi ambao usingekuwepo gari likiwa bado kopo. Ndugu waliokuwa hawalitaki hulikumbuka likishapigwa rangi. Kadi ikiwa imepotea, taarifa hutolewa polisi na kadi mbadala huombwa TRA na yule yule aliyesajiliwa, au msimamizi wake.

Magari ya mnada yana njia yao. Gari la serikali hubeba namba za ST, la shirika la umma SU, la mradi wa wafadhili DFP, na yapo ya kidiplomasia yenye CD. Namba hizo hazimfuati mnunuzi. Gari husajiliwa upya kwa namba binafsi zinazoanza na T, na mnunuzi huhitaji barua ya mnada, risiti na uthibitisho kwamba taasisi imelitoa kwenye orodha yake. Lililoingia nchini kwa msamaha wa kodi lina jambo la ziada: chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, msamaha ulitolewa kwa mwenye nao, na gari likienda kwa asiye na msamaha kodi huamka. Swali la nani anailipa, muuzaji au mnunuzi, huulizwa kabla ya kunyanyua mkono mnadani. Bei inayoonekana ya kutupa mara nyingi ni bei isiyo na kodi ndani yake. Redio za masafa marefu zikiwa bado zimo garini, zinahitaji leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, au kuondolewa pamoja na antena. Nembo za shirika nazo hufutwa zote, hata kivuli chake kinachobaki kwenye rangi.

Kuna pia magari yaliyotoka upande wa pili wa mpaka, kupitia Manyovu au Mabamba. Burundi na Kongo huendesha kulia, kwa hiyo baadhi yana usukani kushoto. Gari la namna hiyo lisilo na nyaraka za forodha halifufuliki kisheria, hata liwe zima kiasi gani. Hali kadhalika gari ambalo namba ya chesisi haisomeki na kadi haipo. La kufanya ni kulinunua kwa bei ya spea, au kuliacha.

Ada ya leseni ya mwaka iliyokuwa ikirundikana kwa magari yaliyoegeshwa ilifutwa katika bajeti ya 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Faini za barabarani hazikufutwa. Namba ya gari huingizwa kwenye mfumo wa polisi wa faini, na deni lolote likionekana humalizwa na muuzaji kabla ya mkataba.

Chesisi na bodi

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa hiyo gari huweza kuonekana zima kwa juu huku chini limekwisha. Chesisi ni ya chuma, ya umbo la sanduku, na huoza kutoka ndani kwenda nje: tope huingia kupitia matundu, hukaa, na masika ya Kasulu na Kibondo, yanayoanza Oktoba au Novemba hadi Mei, hayalipi nafasi ya kukauka. Sehemu za kuangaliwa kwanza ni boriti ya nyuma, mikono inayobeba bodi pembeni, vishikio vya springi na sehemu iliyo juu ya ekseli ya nyuma. Ukaguzi hufanywa kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na mara nyingine nyundo huzama. Pale inapozama, eneo hukatwa lote hadi kwenye chuma safi. Kiraka kinachochomelewa juu ya kutu hushika kwa msimu mmoja.

Mchomeleaji mzuri hukata bati la unene usiopungua wa awali, hulichomelea pande zote badala ya kulidonoa, na haweki mshono mmoja wa wima kukatiza mbavu yote ya chesisi, kwa sababu hapo ndipo itakapokatikia. Betri na alternata huondolewa waya kabla umeme wa kuchomelea haujawashwa. La muhimu zaidi ni tangi. Katika 109 nyingi tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele, hatua moja kutoka kwenye mikono ya chesisi inayooza zaidi. Tangi hutolewa nje ya gari na kuwekwa mbali. Kulifunika kwa gunia bichi, kama inavyofanyika gereji za kando ya barabara, hakuzuii mvuke. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwani mvuke ndio unaolipuka.

Ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria huoza kwenye sakafu ya miguu na chini ya kioo cha mbele. Hubadilishwa kwa bati la kukunja, na pale chuma kinapokutana na aluminiamu huwekwa rangi nzito au kipande cha mpira, kwa maana metali hizo mbili zikigusana kwenye maji aluminiamu hugeuka unga mweupe. Mabati ya bodi hayachomelewi kwa mashine ya kawaida; hushikwa kwa ribiti. Puti nene juu ya aluminiamu hupasuka mara gari linapoanza kujipinda kwenye mashimo, na bonde lililonyooshwa kwa nyundo na kuachwa na makovu kidogo hudumu kuliko lililojazwa.

Namba ya chesisi ikiwa iko kwenye kipande kilichooza, hakikatwi wala hakihamishiwi kwenye chesisi nyingine kabla mkaguzi wa polisi hajakiona. Chesisi mbili zilizounganishwa kuwa gari moja ni chanzo cha kesi, si cha gari.

Breki

Breki hufunguliwa zote, magurudumu yote manne, hata kama pedali bado inashika. Gari lililokaa miaka mitano lina maji ndani ya mafuta ya breki na kutu ndani ya silinda. Mipira yote hubadilishwa. Silinda za magurudumu zenye mashimo ya kutu hazisuguliwi kwa msasa zikarudishwa; hununuliwa nyingine, kutoka Kigoma mjini, Kahama au Mwanza, au huagizwa Gerezani Dar es Salaam na kuletwa kwa basi.

Mambo mawili yanayofanyika mara kwa mara vijijini yanastahili kukatazwa waziwazi. La kwanza ni kujaza oili ya injini au ya haidroliki kwenye kikopo cha breki pale mafuta yanapoisha njiani. Mipira ya breki hutengenezwa kwa ajili ya mafuta ya DOT 3 au DOT 4. Ikiguswa na oili huvimba, na breki hushika zenyewe bila kuachia, au huacha kushika kabisa. Mfumo ulioguswa na oili husafishwa kwa spiriti na mipira yote kutupwa, hata ile mipya. La pili ni kutumia bomba la shaba la friji kama bomba la breki. Shaba hiyo ni laini, huchoka kwa mtikisiko na kupasuka siku dereva anapokanyaga kwa nguvu zote, yaani siku anapoihitaji. Bomba sahihi ni la chuma la breki au la mchanganyiko wa shaba na nikeli, lenye mdomo uliokunjwa mara mbili.

Upepo hutolewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kubwa. Kwa gari la usukani kulia, hilo ni la nyuma kushoto; la mwisho ni la mbele kulia. Kabla ya hapo viatu vya breki hurekebishwa hadi viguse dramu kisha kulegezwa kidogo, vinginevyo pedali itabaki chini hata upepo ukiisha na fundi atatafuta tatizo asilolijua. Land Rover za awali zina mzunguko mmoja tu wa mafuta: bomba moja likikatika, magurudumu yote manne hayana breki. Silinda kubwa ya mizunguko miwili, iliyokuja kwenye Series III za baadaye, ni badiliko moja linalostahili gharama yake kabla ya redio, kabla ya rangi, kabla ya matairi mapana.

Breki ya mkono ya gari hili haiko kwenye magurudumu. Ni dramu iliyo nyuma ya giaboksi, inayoshika propela ya nyuma. Matatizo mawili hutokana na hilo. Sili ya giaboksi ikivuja, oili huingia moja kwa moja kwenye dramu, na hakuna kurekebisha kutakakoifanya ishike hadi sili ibadilishwe. Na gari likinyanyuliwa kwa jeki gurudumu moja la nyuma, difu huruhusu gurudumu lile kuzunguka, na gari lote huteleza huku breki ya mkono ikiwa imevutwa hadi mwisho. Mawe huwekwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki kila mara. Mafundi wengi wanalijua hili kwa kovu.

Usukani hupimwa injini ikiwa imezimwa na magurudumu yakiwa chini: mtu mmoja hutikisa usukani huku na huku, mwingine amelala chini akitazama wapi mwendo unapotea. Kawaida hupotea kwenye boljointi za tairodi, na katika Land Rover hupotea pia kwenye rilei iliyofichwa ndani ya boriti ya mbele, ambayo hukaa bila oili miaka mingi hadi igande kwa kutu. Kuitoa huweza kuchukua siku nzima. Boljointi iliyochomelewa ili isilegee haikubaliwi na mkaguzi yeyote mwenye macho.

Injini, na kubadili injini

Injini ya awali ya petroli ina ujazo wa sentimita 2,286 za ujazo, na ikitunzwa huvumilia mengi. Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa Dar es Salaam hutoa petroli nyingi kuliko hewa inavyoweza kuichoma: moshi mweusi, plagi nyeusi, tangi linaloisha upesi. Jeti hupunguzwa na muda wa cheche hupangwa upya hapo hapo gari litakapotumika. Chujio la hewa la aina ya bakuli la oili, ambalo wengi hulitupa wakidhani limepitwa na wakati, linafaa mno kwa vumbi jekundu la nyanda hizi, alimradi tope la chini ya bakuli linatolewa na oili inajazwa hadi kwenye mstari.

Wengi, hata hivyo, huitoa injini hiyo na kuweka dizeli ya Kijapani: 2L ya Toyota yenye sentimita 2,446 za ujazo, 3L yenye 2,779, au TD27 ya Nissan yenye 2,663. Sababu zinaeleweka. Spea zake zipo kila duka la Kigoma, kila fundi wa Hiace anazijua, na dizeli huvuta vizuri mlimani. Uamuzi wa kubadili ni wa busara kwa gari la kazi. Kwa gari lililo zima na lenye injini yake ya kuzaliwa ni uharibifu, na thamani yake hushuka kwa wale wanaolipa zaidi. Waliokusanyika Arusha Oktoba 2024 kwa tamasha la Land Rover waliona umati ukizizunguka zile ambazo hazijaguswa.

Atakayebadili huanza na risiti. Injini ya mtumba hununuliwa kwa muuzaji anayetoa risiti ya EFD yenye namba ya injini, pamoja na nyaraka za forodha zinazoonyesha ilivyoingia nchini. Injini isiyo na asili huweza kuwa imetoka kwenye gari la wizi, na aliyeifunga ndiye atakayeulizwa. Kisha ombi la kubadilisha taarifa za gari hupelekwa TRA likiambatana na uthibitisho huo na taarifa ya ukaguzi wa polisi, ili kadi isome namba mpya, ujazo mpya na mafuta mapya. Hiki ndicho kipengele kinachosahaulika kuliko vyote. Gari lililokuwa la petroli kwenye kadi na linalonguruma kwa dizeli barabarani ni kosa linalosikika kabla halijaonekana, na likipata ajali mlango wa mabishano na kampuni ya bima unakuwa wazi.

Kiufundi, kosa linalojirudia linahusu breki tena. Injini ya dizeli haina mvuto wa kutosha kwenye njia ya hewa wa kuendesha kisaidizi cha breki, ndiyo maana alternata ya 2L na 3L hubeba pampu ya upepo mgongoni mwake, yenye bomba lake la oili. Alternata hiyo ikifa, na duka likauza ya petroli inayofanana nayo kwa bei nafuu, betri itachaji na breki zitakuwa ngumu kama ukuta. Vikalio vya injini huchomelewa kwenye chesisi kwa bati nene na mpira halisi katikati, si kipande cha tairi. Rejeta hupimwa kwa kupanda mlima na mzigo. Injini inayotulia gereji huchemka ikipanda kuelekea Heru Juu. Giaboksi ikibadilishwa pamoja na injini, spidomita hupoteza hesabu, na dereva asiyejua mwendo wake hawezi kuheshimu kilomita 50 kwa saa za makazini.

Umeme, taa na matairi

Waya za miaka 40 zina ganda linalovunjika likikunjwa. Kuziunganisha vipande kwa selotepu ni kuahirisha moto. Waya mpya zote, zenye fyuzi, huwekwa mara moja. Orodha ya mkaguzi ni fupi na inajulikana: taa kubwa mbili zenye mwanga mkali na hafifu, taa nyekundu za nyuma, taa za breki, indiketa zote nne, taa ya namba, honi, waipa, vioo vya pembeni. Mikanda ya viti vya mbele hufungwa kwenye chuma kilichoimarishwa, si kwenye bati la aluminiamu. Garini huwemo pembetatu za kuakisi mwanga na mtungi wa kuzima moto ambao haujapitwa na tarehe. Vimulimuli, ving'ora na taa kali za paani, ambazo magari ya mnada huja nazo, hutolewa. Taa kubwa za gari lililotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia humulika kulia zinapopunguzwa, moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Vioo vyake hubadilishwa vyote viwili.

Matairi ya 109 ni 7.50-16. Mapana zaidi hugusa springi kwenye kona na kuongeza uzito wa usukani usio na msaada. Tairi la gari lililoegeshwa huweza kuwa na meno marefu na bado likawa limekufa. Ubavuni, ndani ya umbo dogo la yai, kuna tarakimu nne: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo lina nyufa nyembamba zinazoonekana likikunjwa, na hupasuka kwa joto la lami.

Ukaguzi, bima na majaribio

Rangi hupigwa sasa, na ikiwa tofauti na iliyo kwenye kadi huingizwa kwenye ombi lilelile la kubadilisha taarifa, badala ya kurudi TRA mara mbili. Ndivyo ilivyo pia kwa bodi: pikapu iliyofungwa mabenchi na turubai bado ni pikapu hadi kadi iseme vingine, na viti vilivyoandikwa ndivyo abiria wanaoruhusiwa. Atakayelitumia kwa kukodisha, awe anabeba watu au mahindi ya kwenda Kahama, huhitaji pia leseni ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019.

Gari hupelekwa kwa mkaguzi wa magari wa polisi wilayani likiwa limeoshwa chini kama lilivyooshwa juu, na namba zote mbili zikiwa zinasomeka. Kuelekea Wiki ya Nenda kwa Usalama ukaguzi huwa na foleni. Nje ya msimu huo mkaguzi ana muda wa kueleza kasoro badala ya kuzihesabu tu. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, gari bovu haliruhusiwi barabarani hata kama nyaraka zimetimia, kwa hiyo gari ambalo halijakaguliwa huvutwa au kubebwa hadi kituoni.

Bima ndogo, inayolinda watu wengine, ni lazima kisheria (Sura ya 169). Hukatwa baada ya kadi kusahihishwa, si kabla, ili namba na matumizi viwe sahihi, na mmiliki huhakikisha mwenyewe kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA MIS, kwamba namba ya gari lake inaonekana. Stika isiyomo kwenye mfumo ni karatasi.

Majaribio ya kwanza hufanywa bila mzigo, karibu na gereji, kwenye barabara tambarare, kisha kwenye mteremko mfupi. Safari ya Kasulu hadi Kigoma mjini si ya siku ya kwanza: ziwa liko meta zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo gari hushuka zaidi ya meta 400, na dramu zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika. Mteremko hushukwa kwa gia ileile ambayo ingetumika kuupanda. Baada ya kuvuka maji, breki hukanyagwa kidogo kidogo hadi dramu zikauke.

Baada ya kilomita 1,000 za kwanza oili ya injini humwagwa, yubolti za springi na nati za magurudumu hukazwa upya, chomeleo za chesisi huangaliwa kama kuna ufa, na breki hurekebishwa mara ya pili, kwa sababu viatu vipya hukaa sawasawa kwenye dramu vikishaliwa kidogo.